Besi Yenye Mshono

Mtaani walimwita Fundi, na hakuna aliyejisumbua kuuliza fundi wa nini. Wenye suruali za kupunguza walipita mlango wa mbele wakamkuta kwenye cherehani. Wenye matarumbeta walipita mlango wa nyuma wakamkuta mwanamke yule yule, uzi bado kaung'ata kwa meno, ameinamia karatasi ya khaki iliyobaki kwenye kukata ruwaza, anaandika do, re, mi kwa penseli yake ya kuchoria nguo. Wapigaji bendi ya shaba ya mtaa ilikuwa nao wa kutosha. Wa kuamua nani apige nini, na lini anyamaze, alikuwa yeye peke yake.

Kuimba alijifunza kwenye kwaya ya shule, bendi akaingia kwa njia ya ndoa. Mumewe alipiga tromboni, baba mkwe wake alipiga tuba, na mke anayeletwa kwenye nyumba ya namna hiyo ama azibe masikio, ama ashike kalamu. Akashika kalamu.

Mwanzoni hawakuelewana na mkuu wa bendi, ambaye kazi yake hasa ilikuwa unyoaji, na jina lake likawa hilo hilo, Kinyozi. Yeye alipenda kila mtu apige wimbo wenyewe. Kama wimbo ni mtamu, alisema, kwa nini tuwanyime wengine? Basi walipoanza, wote kwa pamoja, ilikuwa kama soko limeshika moto. Watu walipiga makofi, lakini walipiga kwa kushukuru kwamba imekwisha. Fundi alimwambia pale pale, "Kinyozi, umewahi kuona shati la kola tupu?"

Kwake yeye matarumbeta ndiyo kola, kitu cha kwanza jicho linachokutana nacho. Baragumu ni bitana: hakuna anayeisifu bitana, ila itoe uone koti litakavyokukwaruza. Tromboni ni mshono wa ubavuni unaoshikanisha mbele na nyuma. Na tuba ni pindo. Gauni lisilo na pindo zito, upepo kidogo tu, mwenye gauni anaaibika. Lakini zaidi ya hayo aliamini kwamba huandikii chombo, unaandikia kifua. Shaba haina pumzi. Mwenye pumzi ni mtu, na mtu hupimwa kwanza ndipo kitambaa kikatwe.

Siku wifi yake alipochumbiwa, furaha iliijaza nyumba mpaka sufuria zikawa zinaoshwa kwa kuimba. Wifi huyo ndiye kitinda mimba, na baba yake alikuwa ameapa tangu binti yuko mgongoni kwamba siku ya kutoka kwake, tuba ndiyo itakayomtoa. Mzee mwenyewe jina lake la bendi lilikuwa Radi. Alimwendea mkwewe kwenye cherehani, akakohoa mlangoni kwa adabu kabla ya kuingia.

"Mwanangu, niandikie kitu kizito," akamwambia. "Kitu cha kutembea nacho polepole."

Fundi akaitikia, "Sawa, Baba," ingawa alijua ameahidi jambo gumu. Maana kila aliyekuwa na masikio alikuwa ameshasikia. Tangu msimu ule wa baridi mzee alipougua kifua, noti ndefu zilimkatikia njiani. Alikuwa akizifunika kwa kikohozi, au kwa kujifanya analitazama bomba kama vile lina mdudu ndani. Watu wa bendi wakawa wanamtazama mdudu huyo kwa heshima.

Kinyozi hakuwa na subira ya wadudu. Alikuja na wazo la kuazima kinanda cha umeme chenye kitufe cha besi. Unabonyeza, kinanguruma mchana kutwa bila kukohoa. Mzee atakaa kiti cha mbele, avae suti, apungie watu mkono. Alisema hayo kwa upole kabisa, na hapo ndipo ubaya ulipo. Kuna maradhi yametuingia siku hizi: kitu kikikohoa kidogo tunakimbilia kukitupa, iwe redio, iwe kiatu, iwe mtu, na tunapokitupa tunakipamba kwanza ili roho isitusute. Fundi alimjibu kwamba kitufe hakijui bibi harusi ni nani. Kinyozi akakubali kusubiri mazoezi, lakini akamwonya: mzee akikatika mbele ya wakwe wapya, aibu ni ya bendi nzima.

Sasa ataanzia wapi? Mumewe, alipoambiwa azungumze na baba yake, aligundua ghafla kwamba tromboni inahitaji kupakwa mafuta. Na mkwe hamwambii baba wa mumewe kwamba pumzi imemwishia. Hayo si maneno ya kutoka kinywani mwa mkwe.

Basi akayasema kwa penseli. Alijaribu kuipa tromboni besi yote; ikasimama vizuri, lakini mzee akabaki kama kifungo kisicho na tundu. Akajaribu kuiteremsha baragumu chini kadiri inavyofika, gauni likapaa. Mwishowe akaipasua besi vipande viwili. Tuba iingie na mapigo ya kwanza, yale mazito ya mguu kukanyaga, kisha inyamaze, na tromboni iudake mkia wa noti na kuuvuta mpaka tuba irudi. Baba aanze, mwana amalizie. Aliviimba vyote viwili kwa zamu huku akigonga meza kwa kidole cha kastabini, akaona imekaa. Kila mahali pa tuba kunyamaza akaandika neno lile lile alilofundishwa na mwalimu wa kwaya: *pumzika*.

Siku ya mazoezi, katika ghala la magodoro nyuma ya duka la Kinyozi, mzee alivaa miwani, akaisogeza karatasi karibu, akaisogeza mbali. Akasoma kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesoma jina lake kwenye mlango wa mtu mwingine.

"Pumzika. Pumzika. Pumzika."

Neno hilo alikuwa analijua. Karakana aliyoitumikia tangu ujana, siku walipoamua hawamtaki tena, waliandaa soda na hotuba, na hotuba yote ilikuwa neno hilo: mzee wetu, umechoka, sasa pumzika. Akaikunja karatasi, akamshukuru kila mmoja kwa jina lake la utani, akalibeba lile dubwana la shaba begani na kutoka. Njia ya kwao ilikuwa na mwinuko. Walisimama mlangoni wakimtazama anavyotua kila baada ya hatua chache, na hakuna aliyethubutu kumpokea mzigo. Kinyozi akasema taratibu kwamba labda ni heri hivyo. Fundi alikuwa anaona neno lake limekwenda mahali ambapo hakulituma.

Alasiri ile alimfuata, futi ya kupimia ikiwa shingoni. Kisingizio alikuwa nacho, tena cha kweli: suti ya mzee ilikuwa bado haijakatwa. Siku zote vipimo vya baba mkwe alivichukua mumewe na kumletea. Safari hii alienda mwenyewe.

Alimkuta ameketi kitandani, tuba kaiegemeza pembeni yake kama mgonjwa wa pili.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu." Kisha, bila hasira, "Ungeniambia tu. Mimi si mtoto."

"Naomba radhi, nimekuja kupima."

Mzee alisimama, mikono kaiinua kidogo. Fundi akaizungusha futi kifuani, macho kayaelekeza ukutani kwa heshima, akamwomba atoe pumzi, kisha avute. Mzee akavuta. Futi ikateleza kidogo kwenye vidole vya Fundi, ikasimama. Wote wawili waliiona iliposimama. Nje kuku waliendelea kuchakura.

"Zamani," mzee akasema, "ungehitaji kuunga futi mbili."

"Najua, Baba. Nilikusikia kabla sijaolewa. Nilikusikia tukiwa ng'ambo ya barabara." Kisha akasema lile ambalo mkwe hasemi. "Pumzi inafika hapa. Mimi nimekata kufuata hapa. Sijakutoa kwenye nguo, Baba. Nimekupunguzia tu."

Mzee akaigusa futi pale iliposimama.

"Na pale ninaponyamaza, nani anashika?"

"Mwanao."

"Huyo? Huyo aliyechelewa hata kuzaliwa? Mama yake aliumwa uchungu mpaka mkunga akapata usingizi."

Fundi akacheka mpaka futi ikaanguka. Mzee naye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na safari hii hakutafuta mdudu wa kumsingizia. Kilipotulia akaomba karatasi, akaikunjua gotini.

"Hili neno lifute," akasema. "Besi iache. Neno ndilo sitaki."

Fundi akakaa pale pale sakafuni. Alifuta kila *pumzika* kwa kifutio mpaka khaki ikaota manyoya, na mahali pake akaandika *vuta*. Kesho yake akabadilisha karatasi za wote, hata ya Kinyozi, ambaye alilalamika kwamba yeye havuti kitu. Wenzake wakamwambia basi asipumue tuone.

Siku ya harusi kinanda cha umeme kilikuwepo, nyuma ya pazia, kwa amri ya Kinyozi, endapo mzee atakatika. Binti alitoka mlangoni, tuba ikakanyaga, naye akakanyaga juu yake. Mzee akapiga, akavuta, akapiga. Katikati ya safari ile mumewe Fundi alichelewa kuudaka mkia, kitambo cha kupepesa jicho, na mzee, mdomo ungali kwenye shaba, akamtupia jicho lililomsuta kwa kuchelewa kwake kote tangu kuzaliwa.

Ila noti ya mwisho mzee hakuifuata karatasi. Palipoandikwa *vuta* hakuvuta. Alimwona binti yake amefika, amegeuka kumtafuta kwa macho, akaing'ang'ania noti, mishipa ya shingo imemsimama. Kinyozi akapeleka mkono kwenye pazia. Fundi akamshika kiwiko. Noti ikaanza kukonda, ikakonda, na kabla haijakatika tromboni ilikuwa imeshaingia chini yake, laini, kwa wakati wake.

Wageni walisikia besi moja ndefu, wakashangilia mapafu ya mzee. Fundi peke yake ndiye aliyesikia mshono ulipopita, akauona umelala vizuri.

Mzee alipokuja kumrudishia karatasi yake, koti lilikuwa halijambana popote kifuani. Akaligonga kwa kiganja.

"Andika wimbo mwingine," akasema, bado anahema. "Na usinipunguzie sana."