Mfumo Uliompa Shemeji Ng'ombe wa Mjane

Kifo cha mhandisi mmoja wa programu wa hapa Bariadi nilikisikia kwenye kundi la WhatsApp, na aliyeleta habari ni bosi wake. "Tumempoteza kiongozi," aliandika, akaweka na vikaragosi vya kulia. Nilicheka kwa uchungu. Bosi huyohuyo ndiye aliyemvua usimamizi wa timu mbele ya ofisi nzima, akisema jamaa ni breki na kampuni inahitaji mwendo. Msibani nikakuta fulana zimeshachapwa: picha ya marehemu, na chini yake neno "Kiongozi". Katika kuchapa fulana, ofisi ile haijawahi kuchelewa.

Sitamtakasa marehemu kwa sababu amekufa. Tulikunywa chai pamoja miaka mingi, na alikuwa mtu wa majivuno. Akili mnemba ilipoingia, akaniambia amepumzika kuandika programu: "Siku hizi mimi naagiza tu, mashine inaandika." Kampuni yao ikaamua kutengeneza mfumo wa kusajili ng'ombe, ili mfugaji apate cheti cha umiliki kwenye simu yake. Vijana wake wakaiagiza mashine, ikaandika, yeye akapitisha. Ndani yake mashine iliweka kanuni kwamba ng'ombe wote wa zizi moja ni mali ya mwenye zizi. Pengine huko ilikosomea ndivyo wanavyoishi. Huku kwetu ni kichekesho. Nani katika mkoa wetu wa Simiyu asiyejua kwamba ng'ombe wa mtu hugawanywa, wengine walale kwa mjomba, wengine kwa rafiki, wengine kwa shemeji, ili ugonjwa au ukame ukiingia usimmalize mtu kwa mkupuo? Na bwana huyu ni mzaliwa wa kijiji cha Bukundi, amekuzwa kwa maziwa ya ng'ombe ambao baba yake alikuwa akiwatunzia wenzake. Bado akapitisha.

Asubuhi ya uzinduzi nilikuwepo, nimealikwa kama mwandishi ili niandike sifa. Kabla mgeni rasmi hajapanda jukwaani, aliingia mama mmoja mjane kutoka Bukundi, kule walikofanyia majaribio. Marehemu akamwamkia kwa Kisukuma, kama anayemwamkia mama yake, "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanawane," akamjibu kama mwanawe, bila kukaa. "Simu ya shemeji yangu inasema ng'ombe alioniachia mume wangu ni wake. Wale wanalala tu kwake, kijiji kizima kinajua. Sasa anataka kuwapeleka mnadani. Wanangu nitawasomesha na nini?"

Bosi akadakia kabla hajamaliza. "Mama, kompyuta haina undugu na mtu. Ikisema ni wake, ni wake. Kaa pale, soda zinakuja." Vijana wa ofisi wakacheka, kama wanavyocheka kila bosi anapofumbua mdomo.

Marehemu hakucheka. Alimsogezea mama yule kiti, akatembea mpaka jukwaani, ambako mgeni rasmi alikuwa ameshapanda na kuinua kidole juu ya kitufe cha kuzindua. "Mheshimiwa, naomba usibonyeze. Mfumo umekosea. Mashine ndiyo iliyoandika, lakini aliyepitisha ni mimi, na mimi ni mtoto wa Bukundi. Nilipaswa kujua." Mgeni rasmi akashusha kidole. Keki ya uzinduzi ikabaki nzima, na bosi akawa anatabasamu kwa meno tu.

Vyeti vya majaribio vilifutwa siku hiyohiyo kabla ng'ombe hawajafika mnadani. Kisha marehemu akawabeba vijana wake hadi Bukundi, wakakaa na wafugaji zizi kwa zizi, wakatenganisha mwenye zizi na mwenye ng'ombe. Mjane akaandikishwa ng'ombe wake hukohuko kwa shemeji. Tangu hapo akaweka utaratibu: hakuna kazi ya mashine kutoka ofisini mpaka kijana aliyeiagiza aende kuwaeleza wale itakaowagusa. Bosi akauita utaratibu huo upotevu wa muda, akampa cheo cha marehemu mtu anayeitikia haraka.

Vijana wa kompyuta huniuliza watakuwaje viongozi wakati mashine inaandika programu vizuri kuliko wao. Wananunua kozi za uongozi mtandaoni, wanajibandika vyeo vya Kiingereza, wanajifunza kuongea kwenye vikao bila kusema kitu. Upuuzi mtupu. Yule bwana alianza kuwa kiongozi siku alipojitokeza kuulizwa kuhusu kazi ambayo hata hakuiandika kwa mkono wake, na malipo yake yalikuwa kushushwa cheo na watu ambao leo wanamlilia kwa sauti.

Mjane alikuja msibani kwa basi. Baada ya kumpa mkono wa pole mke wa marehemu, alimwendea bosi, aliyekuwa amesimama na fulana yake mpya.

"Baba, yule aliyenisikiliza ndiye huyo tunayemzika. Mashine ikikosea tena, nimfuate nani?"

"Kuna namba ya huduma kwa wateja, mama."

"Nimeuliza nani, baba. Sijauliza namba."

Nilisubiri bosi ajitaje. Akatoa simu mfukoni, akajifanya anapigiwa. Kijana wangu unayetaka uongozi katika zama hizi, anzia pale alipokimbia yeye. Mwambie mama yule: nifuate mimi.