Mkasi Juu ya Sinia

Jina la Mama Mkasi halikutokana na ufundi wake wa mapazia, ingawa nusu ya mapazia ya mtaa yalipita mikononi mwake. Lilitokana na chama cha akina mama. Chama kile kilikuwa hodari wa kuzindua vitu, na kila kilipozindua kitu, yeye ndiye aliyefunga utepe mwekundu, na yeye ndiye aliyempelekea mgeni rasmi mkasi juu ya sinia lililotandikwa kitambaa cheupe. Kwenye picha zote za chama, ukitazama pembeni, utaona mkono wake na lile sinia. Uso haukuwahi kutokea hata siku moja. Hata hivyo alizitundika zote ukutani, juu ya cherehani, na mteja akiingia aliulizwa kwanza kama anaujua ule mkono ni wa nani.

Tusiwaonee akina mama wale, kazi waliifanya. Waliezeka madarasa ya shule ya msingi iliyo mwisho wa barabara, wakavuta bomba, wakawalipia yatima ada mpaka wakamaliza. Ugonjwa wao ulikuwa mmoja tu: kitu kisichozinduliwa kwao hakijawa kitu. Bomba lenyewe lilikaa limevikwa mfuko kichwani wiki na wiki likimsubiri mtu mwenye cheo aje kulivua, huku watoto wakipita hapo hapo na ndoo wakitoka kuchota mbali. Mwenyekiti, mke wa muuza saruji, alikuwa na sauti nene na hasira za karibu. Yeye alisema watu wakizoea kutumia vitu kimyakimya watadhani vimeota vyenyewe.

Basi wakajenga choo cha wasichana. Kile cha zamani kilikuwa kimetitia upande mmoja, na mlango wake ulishang'oka ukapotelea usikojulikana. Kipya kilikuwa kizuri, jamani tuseme ukweli: milango ya buluu, sinki la kunawia, na chumba kidogo cha msichana kujisitiri na kubadilisha, chenye ndoano na kioo. Kilikamilika muhula ulipoanza. Kufuli hawakuweka, kwani nani angethubutu? Mama Mkasi alivuta utepe kutoka nguzo hii hadi ile mbele ya lango la kuingilia, akafunga ua kubwa katikati, na ua lile likatosha. Walimu waliliheshimu, wanafunzi waliliheshimu, hata mbuzi wa mlinzi alilinusa akaenda zake.

Ikabaki kumpata mgeni rasmi. Wa kwanza alisafiri. Wa pili aliugua asubuhi ya siku yenyewe, viti vimeshapangwa. Wa tatu alivuliwa cheo, na mwenyekiti akasema choo cha hadhi ile hakiwezi kuzinduliwa na mtu anayekuja kwa miguu. Mwalimu mkuu akajikaza akashauri watoto waanze tu kukitumia, sherehe itakuja. Mwenyekiti alimtazama kama mtu aliyeshauri bibi harusi ahamie kwa mume kwanza, ndoa itakuja. Mambo yakaishia hapo.

Jua halina subira, likaupausha utepe. Ndipo Mama Mkasi akajipa kazi. Kila Ijumaa akifunga duka alikwenda shuleni na bunda la utepe mpya, akaukata wa zamani, akaingia ndani, akafuta vumbi kwenye sinki, akamwaga maji aone kama yanapita vizuri. Kisha akatoka, akafunga utepe mpya, akarudi nyumbani roho yake kwatu. Hakuna aliyemtuma. Alijiona analinda mali ya watoto.

Sasa, nyumbani kwake alikuwa na mjukuu, binti wa miaka kumi na mitatu, darasa la mwisho. Mama yake alifanya kazi za ndani mji wa mbali, akamwachia Mama Mkasi mtoto na matumaini yote. Na binti alikuwa na kichwa: bibi yake akipima dirisha, yeye alishataja kitambaa kinachohitajika kabla futi haijakunjwa. Lakini muhula ule akaanza kukosa shule. Siku mbili mwezi huu, siku tatu mwezi uliofuata.

"Tumbo?" bibi akamuuliza asubuhi moja, akimkuta bado kajifunika shuka.

"Si tumbo."

"Kumbe nini?"

Binti akageukia ukutani. Ilichukua muda na chai mbili mpaka aseme. Wasichana, akasema, wakizidiwa wanavuka barabara kuomba choo kwa muuza mkaa, na muuza mkaa kachoka nao, anawafokea mbele za watu. Wavulana nao wanajua kila anayevuka na anavukia nini, wanamwimbia akirudi. Wiki iliyopita sketi yake ilichafuka. Alikaa kwenye kiti chake mpaka darasa lote likatoka, akatoka wa mwisho akitembea kinyumenyume.

"Mwalimu kasema nikikosa tena hawaniandikishi mtihani," akasema. "Basi na wasiniandikishe. Nifundishe mapazia, Bibi."

Mama Mkasi aliumia. Aliumia hasa. Yeye mwenyewe aliacha shule akiwa na umri huo huo, kwa aibu hiyo hiyo, na watu wazima wakasema kachoka kusoma. Alikuwa ameapa kwamba mapazia yataishia kwake.

"Mapazia yananitosha mimi," akamwambia. "Mgeni keshapatikana, mjukuu wangu. Vumilia kidogo tu."

"Na wewe si uko kwenye chama? Waambie wafungue."

"Nitawaambia."

Na kweli alikwenda kwenye kikao akiwa amepiga moyo konde, maneno kayapanga kichwani kama nguo za sanduku. Akakuta kamati ya uzinduzi, ambayo ilikuwa kubwa kuliko kamati ya ujenzi, ikibishana kama mgeni rasmi akalishwe akikitazama choo au akikipa mgongo. Waliosema akitazame walisema ndicho kilichomleta. Waliosema akipe mgongo walisema kuna chakula. Mama Mkasi akainua mkono.

"Mama Mkasi," mwenyekiti akasema, "una lolote kuhusu sinia?"

Akina mama wote wakageuka. Maneno yale yaliyopangwa vizuri yakayeyuka yote.

"Sinia lipo tayari," akasema, akakaa.

Siku ikafika. Binti aliletwa shuleni kwa nguvu za bibi yake, akapangwa na wasichana wenzake mistari miwili kando ya utepe, kila mmoja na shada la maua. Mgeni rasmi, mama wa cheo kikubwa na kilemba kikubwa zaidi, alichelewa saa nyingi. Alitoka safari ndefu, na mwenyekiti hakumwachia apite bila kumkaribisha kwake kwa chai, kisha juisi, kisha maji ya chupa. Alipofika shuleni ndipo zikaanza hotuba. Historia ya chama ikasomwa tangu kuasisiwa. Katibu akamsifu mwenyekiti, mwenyekiti akamsifu katibu. Fundi aliyejenga akasimamishwa apigiwe makofi, akakalishwa, akasimamishwa tena kwa ajili ya mpiga picha.

Mama Mkasi alikuwa amesimama karibu na meza kuu na sinia lake, ndiyo maana aliona yote. Mgeni rasmi alikunja mguu huu juu ya ule, akabadilisha, akaacha kupiga makofi. Mwishowe akamwinamia mwenyekiti.

"Samahani, mwenzangu. Naweza kujisaidia wapi?"

Mwenyekiti akababaika. "Nyumbani kwangu si mbali, Mheshimiwa. Dakika chache kwa gari."

"Hizo dakika sina. Na hapo?" Akakionyesha choo kwa kidevu.

"Hapo bado hapajazinduliwa, Mheshimiwa. Zimebaki hotuba mbili."

Mgeni rasmi akamtazama mwenyekiti kwa macho ya mtu anayeomba maisha yake. Kamati nzima ya uzinduzi ilikuwa pale na hakuna aliyejua la kufanya. Mama Mkasi hakuwaza. Mkono wake ulifanya ulichozoea kufanya kila Ijumaa: ukachukua mkasi, ukaukata utepe, ukasukuma lango.

"Pita, Mheshimiwa. Maji yapo, na ndoano ya mkoba iko kulia."

Mgeni rasmi akapita mbio, kilemba upande. Mpiga picha alikuwa anabadilisha betri. Mwenyekiti akawaambia wanafunzi waimbe, wimbo wowote, waimbe kwa nguvu.

Mama Mkasi alijisikia vizuri kidogo. Akageuka akitabasamu, akamkuta mjukuu wake anamtazama. Binti hakuwa anaimba. Aliutazama utepe uliolala chini, akautazama mkasi, akamtazama bibi.

"Kumbe ilikuwa ni kukata tu, Bibi," akasema.

Mama Mkasi akaurudisha mkasi juu ya sinia. Uso ulimwaka moto mpaka masikioni. Mwenyekiti akamshika mkono, akamnong'oneza.

"Funga mwingine upesi. Akitoka akate upya, tupate picha."

"Utepe umekwisha."

Mwenyekiti akatazama bunda zima lililoning'inia kwenye kiwiko chake. "Na huo?"

"Huu ni wa mapazia."

Mgeni rasmi akatoka akipangusa mikono, katulia kama mtu mwingine. Mama Mkasi akalishikilia lango lisijifunge, akawaambia wasichana, "Ingieni." Mjukuu wake akaliweka shada lake juu ya sinia, akapita bila kumtazama. Wenzake wakamfuata, kila mmoja akiacha maua yake hapo hapo, na foleni ikawa ndefu mpaka kwenye meza kuu.

Mpiga picha, betri yake ikiwa imekubali, akapiga picha moja aliyoiwahi. Ndiyo pekee iliyopatikana siku ile: Mama Mkasi mlangoni, uso wote, sinia limejaa maua. Mtihani mjukuu aliufanya. Ile picha Mama Mkasi hakuitundika.