Makande ya Msibani

Wakati wa mbio za dhahabu, unga ulipanda bei mjini kwetu Nyamisangura hadi tukawa tunaununua kwa kikombe. Wanaume walikwenda machimboni, wake zao wakabaki mjini wakisubiri. Shirika moja likatupa sisi akina mama wa kanisa mahindi, maharage na sufuria kubwa, tupike makande ya bure pale kanisani kila mchana.

Tukapika. Hakuna aliyekuja, isipokuwa kuku.

Jirani yangu, mama wa watoto wawili, alipita nao akiangalia upande mwingine. Jikoni kwake moshi ulikuwa haujatoka tangu juzi. Nikamwita.

"Karibu makande, mwanangu."

"Nimeshiba, mama. Mume wangu yuko kwenye dhahabu. Sisi si ombaomba."

Binti yake mdogo aliendelea kuigeukia sufuria mpaka wakakata kona.

Jioni mwenyekiti wetu wa akina mama alikuja kwangu. Nilikuwa nimemzika mume wangu wiki ileile, na turubai la msiba lilikuwa bado uani.

"Shirika wakikuta chakula kinabaki, sufuria wataipeleka kwingine," alisema. Kisha akalitazama turubai. "Lakini hapa kwako watu walikula!"

"Msibani nani anakataa chakula?"

Tukatazamana.

"Usilishushe turubai," akasema.

Kesho yake sufuria ikahamia kwangu, nami nikakaa mkekani na khanga yangu ya msiba. Sikumdanganya mtu; mume wangu alikuwa amekufa kweli. Majirani walikuja kutoa pole, na aliyetoa pole anakula, haulizwi kitu. Jirani yangu alikuja na kuni kichwani, kama wanavyokuja watu msibani, akaketi na watoto wake. Walikula mpaka ukoko.

Wiki zikapita. Mlevi mmoja wa mtaani akapiga kelele toka barabarani, "Mama, msiba wako hauishi?"

"Dhahabu ikiisha, nao utaisha!" mwenyekiti akamjibu huku akikoroga.

Mimi nilikuwa nalia kidogo asubuhi, wakati wa kuchambua maharage. Mchana sikupata nafasi.

Siku moja yule binti wa jirani alilamba kijiko, akaniuliza, "Bibi, kesho nani atakufa?"

Mama yake akamfinya. Mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Hakuna, mjukuu wangu. Huyuhuyu babu yako anatosha. Kesho mje mapema."