Dakika Kumi za Izzedine Karrai

Mtaani kwetu, kwenye barabara ya Gremda hapa Sfax, Izzedine Karrai anaitwa Dakika Kumi. Jina hilo alipewa na jirani yake Lamine, muuza matairi, ambaye huwaambia wateja: "Mpelekee hata balbu, ataiweka mezani aisubiri dakika kumi." Izzedine hucheka na wenzake. Lakini kuna alasiri ambazo, akishashusha mlango wa karakana na ndani hakuna gari hata moja, husikia injini ikinguruma humo, juu kidogo kuliko inavyotakiwa. Huinua mlango, akaangalia, akaushusha tena. Ni mwaka wa tatu sasa.

Sauti hiyo anaijua. Ni ya gari la kijivu la Ridha, mwalimu wa hisabati, ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa mbovu, kwa hiyo aliendesha gari la otomatiki. Siku mbili kabla ya Idi Kubwa alilileta likiwa linazimika kila linaposimama. Tatizo lilikuwa throto, lile bomba fupi ambamo injini huvutia hewa, lenye kisahani kinachofunguka na kufungika kwa amri ya kompyuta. Masizi yalikuwa yameganda ukingoni. Izzedine aliyafuta mpaka chuma kikang'aa.

Ilibaki kuifundisha kompyuta upya. Ilikuwa imezoea kukifungua kisahani zaidi ili hewa ipenye penye uchafu. Sasa uchafu haupo, na uwazi uleule umekuwa mkubwa mno. Kazi hiyo inataka swichi iwashwe, izimwe, gari likae dakika kumi bila kuguswa, kisha injini ingurume yenyewe, hakuna anayekanyaga mafuta.

Ridha alikuwa na wageni nyumbani, hakutaka kusubiri. Aliwasha gari, likanguruma kwa kasi pale pale uani.

"Hivi ni kawaida?" aliuliza.

"Litazoea lenyewe, mwalimu. Siku mbili za kuendesha tu."

Mafundi wengi husema hivyo, na mara nyingi huwa kweli. Saa moja baadaye, kwenye taa nyekundu, Ridha alisimama nyuma ya lori la nondo. Waliokuwa kando ya barabara walisema gari lilisogea mbele kama linalosukumwa na mtu. Bodi haikuharibika sana. Kilichovunjika ni kioo cha mbele, ambacho nondo zilipitia. Polisi waliandika kwamba dereva alizubaa, na hakuna aliyekuja kumuuliza fundi chochote.

Agosti hii, siku ya Jumatatu, gari hilo liliingia tena uani. Izzedine alilijua kabla halijasimama: kioo cha mbele kilikuwa cha rangi ya kijani, vingine vyote vya samawati. Alishuka mwanamke wa makamo mwenye miwani ya jua. Alikuwa Emna, mjane wa Ridha.

"Fundi, linanizimikia kwenye taa," alisema. "Nimezunguka kote, wenzako wote wako ufukweni."

"Huyu hana ufukwe, dada," Lamine alidakia kutoka kwenye matairi yake. "Akienda kuogelea atasubiri kwanza bahari itulie dakika kumi."

Emna hakucheka. Aliketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni.

Izzedine alitenganisha betri, akafungua boliti nne, akaitoa throto. Masizi yalikuwa yamerudi palepale, meusi, yenye mafuta. Alilowesha kitambaa kwa dawa ya kusafishia, akapangusa taratibu bila kukilazimisha kisahani. Aliirudisha, akaunganisha betri, akawasha swichi, akazima, akaweka ufunguo juu ya meza ya kazi.

"Imekwisha?" Emna aliuliza.

"Bado. Tusubiri dakika kumi."

"Lakini si umeshasafisha? Nina mambo yangu, fundi. Nipe niende, litazoea lenyewe."

Aliyasema maneno hayo bila kumtazama. Izzedine angeweza kusema tu kwamba huo ndio utaratibu wake. Wateja wote aliwajibu hivyo.

"Halizoei," alisema. "Mimi nilimwambia mwalimu litazoea, nikamwacha aende. Lilikuwa likikimbia lenyewe, nililisikia. Hizi dakika kumi sikumpa. Sijamwambia mtu yeyote."

Lamine, aliyekuwa akijaza upepo, alifunga pampu.

Emna alivua miwani. "Najua. Alinipigia kutoka kituo cha mafuta. Akasema, gari linanivuta. Nikamwambia, lirudishe. Akasema, fundi kasema litazoea."

"Unajua tangu siku ile?"

"Ulikuja msibani. Nilikuona umekaa na sahani ya kuskusi, kichwa chini. Nikasema moyoni, huyu atasema leo. Ukala, ukanawa mikono, ukaenda zako."

Izzedine aliutazama ufunguo juu ya meza.

"Polisi ningewaambia nini? Maneno ya simu? Mwanangu Skander niliwahi kumwambia, hakuniamini. Anasema natafuta wa kumbebesha lawama. Kwake yeye, mimi ndiye niliyemharakisha baba yake kwa ajili ya wageni. Yuko Tunis, haji nyumbani ila Idi, na akija hali mezani kwangu." Alivaa tena miwani. "Ijumaa anakuja kuchukua vyeti vyake. Nataka ayasikie kwako."

"Nitakuja."

"Usije na soda wala keki. Uje useme."

Dakika zilipokwisha, Izzedine aliwasha injini. Ilipanda, ikatulia, mshale wa kasi ya injini ukashuka mpaka mahali pake. Emna aliingia, akaweka gia ya mbele huku mguu ukiwa kwenye breki, akateremsha kioo.

"Simama pale mbele," alisema.

Lamine alifungua kinywa. Izzedine alimwonyesha kiganja anyamaze, akaenda kusimama mbele ya bampa, hatua tatu, mikono imening'inia. Emna aliinua mguu. Gari lilisogea taratibu mno, mwendo wa mtoto anayetambaa, joto la injini likamfikia magotini. Halikuongeza kasi. Emna alikanyaga breki, wakatazamana kupitia kioo kile cha kijani. Kisha Emna akalirudisha gari nyuma, akatoka uani.

Ijumaa baada ya sala, Izzedine alivaa shati safi, akaenda mikono mitupu. Mlango ulifunguliwa na kijana mrefu mwenye uso wa Ridha kabisa, hata namna ya kuinamisha kichwa. Nyuma ya kijana, ukumbini, Emna alikuwa amesimama, mikono imeshikana.

"Wewe nani?" Skander aliuliza.

"Mimi ni fundi wa gari la baba yako," alisema Izzedine. "Mama yako alikwambia kweli."

Bila kugeuza uso, kijana aliusukuma mlango kwa bega ukafunguka wote, akasema, "Ingia. Sema tangu mwanzo."