Benchi Lenye Maandishi Mekundu

Selpha, ambaye katika ufuo wa Dunga kila mtu alimwita Mama Awuor, aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, miaka kumi na miwili bila mteja kunusa gorogoro lake la kupimia mara mbili. Mwaka wa 1988 akaugua: akasikia sauti, akamwaga omena wote ziwani. Alitibiwa, akapata nafuu, mradi tu achomwe sindano kila mwezi katika zahanati iliyo njiani kwenda ufuoni.

Sindano haikumsumbua. Kwa upendo wake, zahanati ilikuwa imewatengea wagonjwa wa aina yake benchi lao, langoni kabisa, kwenye egemeo limeandikwa kwa rangi nyekundu WAGONJWA WA AKILI, wasije wakapotea. Dorca, mchuuzi wa soko la Pap Onditi, mteja wake mkubwa, alimwona ameketi pale. Tangu siku hiyo akawa ananunua kwa jirani, na hata salamu akaipunguza.

Mwaka wa 1991 ikatoka amri kwamba maoni ya wagonjwa yakusanywe. Kazi akapewa Bwana Dishon, mwuguzi yuleyule wa sindano. Hakupenda kupoteza wakati: aliuliza na kudunga kwa mkupuo mmoja.

"Mama Awuor, umeridhika na huduma zetu?" Sindano ilikuwa juu, ikidondosha tone.

"Dunga kwanza, Daktari, ndipo niseme."

Akadunga. Selpha akakaza leso yake kiunoni.

"Dawa ni nzuri. Lakini lile benchi litoeni langoni. Linanifukuzia wateja. Mbona wa malaria hamjawaandikia lao?"

"Nani anakufukuzia wateja?"

"Benchi."

Dishon akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika: Bado anaandamwa na vitu. Dawa iongezwe.

Ikaongezwa. Mwezi mzima mikono ya Selpha ilitetemeka, omena wakimwagika kabla hawajafika kwenye mfuko wa mteja, kama bado yupo.

"Mama, wewe nawe unajitakia," Selpha akaambiwa na Walubengo, fundi baiskeli aliyeketi naye benchini. "Mimi huridhika kila mwezi. Umeona dozi yangu ikipanda?"

Zamu yake ilipofika, Selpha akatabasamu. "Nimeridhika, Daktari. Nimeridhika mpaka basi."

Dishon akaandika kwamba mgonjwa amepata nafuu kubwa, akaishusha dozi.

Selpha akatoka, akashika ncha moja ya benchi, akamgeukia Walubengo. "Baba, shika huko." Wakalibeba mpaka nyuma ya jiko la zahanati, wakaligeuza maandishi yatazame ukuta, wakaketi.

"Nani amewatuma?" mlinzi akafoka.

"Maoni ya wagonjwa," alijibu Selpha.

Ripoti ya mwaka ilisema kwamba zahanati, kwa kuyasikiliza maoni kwa makini, imewatafutia wagonjwa mahali pa faragha. Dishon alipewa cheti. Mtu mzima alipokea cheti cha kusikiliza jambo aliloliita ugonjwa, na hakuona haya hata kidogo.

Wiki ya tatu baada ya benchi kuhama, Dorca alisimama mbele ya omena wa Selpha. Akanusa mara moja tu.

"Nipimie mawili, Mama Awuor. Na uongeze kidogo."

Mkono wa Selpha haukutetemeka.