Swichi ya Kuonyesha Wageni

Hasira yangu na ile swichi haijaisha, na sitaki mtu aniambie ni chuma tu.

Swichi ni kisanduku kinachogawa mtandao. Chuo chetu kilikuwa na moja iliyotengenezwa kwa majengo ya chuo, imechakaa, imejaa vumbi jeusi la huku kwetu. Lakini ilijua kazi yake. Ilikuwa kimya, haikula umeme mwingi, na kupitia waya uleule wa mtandao ilizipa antena za Wi-Fi umeme wao. Ndipo wafadhili wakatuletea swichi ya kituo cha data, iliyotengenezwa kuunganisha mamia ya seva katika chumba chenye ubaridi. Mbio inazo, sikatai. Lakini antena hailishi hata moja, matundu yake hayapokei nyaya zetu za kawaida, na feni zake zinanguruma mpaka mnaongea kwa kupaza sauti. Na sisi seva tunazo mbili, moja mgonjwa.

Mimi ndiye fundi wa mtandao, nikamweleza mkurugenzi wa chuo. Hakuniacha nimalize.

"Mutu anakupatia zawadi, wewe unaanza kuipima? Toa ile ya zamani. Wageni wenye kuituma wanakuya kesho asubui, waikute inawaka."

"Ndiyo, Papa Direkta."

Mjinga mimi! Nikaitoa, yeye akaifungia stoo. Nilijisemea wageni wakiondoka tu nitairudisha, maana saa nne ya asubuhi hiyohiyo mama mmoja muuguzi, mkazi wa Mabanga, angetetea kazi yake ya mwisho wa masomo. Profesa wake yuko Kisangani na ndege hazitui tena hapa, kwa hiyo angemsikiliza kwa video. Tena profesa huyo alikuwa anastaafu wiki ileile. Bila yeye, mama angeanza upya na profesa mwingine.

Wageni walipiga picha mbele ya taa za kijani, wakanywa soda. Mkurugenzi akawapeleka kutembea kwenye ziwa la Lac Vert, na ufunguo wa stoo mfukoni mwake. Nilimpigia simu mpaka mkono ukauma. Hakupokea.

Ukumbini antena zilikuwa zimekufa. Tulijaribu mtandao wa simu yangu. Sura ya profesa ikaganda mdomo wazi, ikapotea. Saa sita walimu wa kamati ya kumpima mama wakakusanya makaratasi yao wakaondoka.

Hapo nikalipuka. Nilimtukana mkurugenzi, nikawatukana wafadhili, nikapiga meza teke. Yule mama, amevaa kitenge kipya alichoshonesha kwa ajili ya siku ile, alikuwa anakunja karatasi zake polepole. Akaniangalia.

"Papa, ulijua ile mashini haitaweza kazi hii?"

"Nilijua, mama."

"Na ulimuambia?"

"Mara moja. Akanikatiza, nikanyamaza."

Akafunga mkoba wake.

"Basi makelele hii yote, ungeipiga jana."