Doto Haitwi Peke Yake

Juzi jirani yangu hapa Kalangalala, mjini Geita, ambaye sasa tumbo humtangulia mlangoni, aliniuliza mapacha wake awape majina gani yatakayoendana na ya kaka yao Jonson na dada yao Joisi. Simu mkononi, majina yanayoanza na J yamejaa tele. Nikacheka, naye akanuna. Sikumcheka yeye, rafiki yangu. Nilikuwa nimemkumbuka shangazi.

Sisi tulizaliwa upande wa Songwa, ambako vilima vya kifusi cha mgodi huonekana kutoka mashamba ya pamba. Mimi ni Mabula kwa kuwa nilikuja na mvua. Aliyenifuata alizaliwa jua la utosi, akaitwa Limi, yaani jua. Mama akipepeta mtama alipenda kusema, "Mvua ninayo, jua ninalo. Nikose mavuno kwa nini?" Mavuno yakaja mawili kwa mpigo, wasichana watupu, muda mfupi baada ya kumzika baba.

Bibi hakusumbuka. Kwetu Usukumani pacha wa kwanza kutoka ni Kulwa, wa pili ni Doto. Mapacha hawapewi jina, alisema, huja nalo. Lakini shangazi, dada yake baba, alishuka kwenye basi la Geita na vitenge vya uzazi na majina yake tayari: Glori na Gloria.

"Wifi, nikiita Glori si watakuja wote?" mama akauliza kutoka kitandani.

"Ndiyo uzuri wake! Unaita mara moja, umemaliza."

"Na Glori akikosa, nimchape nani?"

Bibi alicheka mpaka akamwaga uji. Kisha mama akanigeukia. "Mabula, wewe ndiye utakayewaita sana. Unasemaje?" Sikuelewa alichokuwa akiniambia. Nikasema Kulwa na Doto. Shangazi akasonya, akarudia chai yake na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kuanikwa ambavyo hadi leo harufu yake hunirudisha nyumbani.

Mama alitutoka watoto wakiwa ndio kwanza wanatembea. Ukoo ulikaa, ukaona bibi kizee na mvulana wa darasa la sita hawatawaweza wote. Shangazi, ambaye hakujaliwa mtoto, angemchukua Doto. Hakuwa na ubaya. Msibani alilia kuliko sisi. Niliacha shule, nikashika jembe na ndama, ili angalau Kulwa asiondoke. Pale kituo cha basi nikamwomba jambo moja tu: "Shangazi, mpeleke, lakini usimbadilishe jina." Akaitikia kwa kichwa. Kulwa alishinda akichungulia nyuma ya kihenge, akimtafuta mwenzake.

Yaliyofuata shangazi alitusimulia mwenyewe. Sokoni Geita akiita "Doto!", muuza dagaa anadakia, "Kulwa wake yuko wapi?"

"Yuko kwao."

"Kwao wapi? Na huyu hapa ni kwa nani?"

Kwa fundi cherehani, swali lile lile. Kanisani, lile lile. Akaona heri amwite Gloria; mtoto hata shingo hakugeuza. Siku Doto alipokimbilia barabarani ilibidi shangazi amwite kwa kelele kwa jina lake halisi, na dereva wa bodaboda, badala ya kugomba, akafunga breki: "Mama Doto, Kulwa umemwacha wapi?"

Pamba ilikuwa imepasuka nilipomwona akija kwa miguu, begi kichwani, Doto mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kulikoni?" bibi akauliza.

"Nimechoka, mama. Geita nzima inanidai Kulwa."

Hakurudi huko ila kufunga genge lake la mboga. Alitulea sote wanne, na Limi ndiye aliyesoma mpaka mwisho kwa ajili yetu. Bibi na shangazi wamepumzika sasa. Boma letu ni shamba la mtu. Kulwa na Doto wana watoto wao, na bado hugombana kama waliolala kitanda kimoja utoto wote, kwa sababu ndivyo walivyolala.

Nawashukuru watu ambao sikuwahi kuwaona sura. Walikuwa wapita njia, wengine wamefuata dhahabu tu, na hawakujua kwamba kwa umbea wao walimrudisha mtoto nyumbani. Siku hizi mama mmoja anaita "Doto!" sokoni na watu wanaendelea kupima dagaa. Mimi husimama, nikauliza.